Siku Saba za Zita Kulitafuta Lambo la Da/ati

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umekalia mapaa ya Mbulu mjini kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Zita Maximilian anafungua kufuli mbili za steshenari yake jirani na stendi, anawasha mashine ya kopi, na kabla hata ya kushika ufagio anamlaza binti yake wa miaka miwili kwenye kigodoro kilicho nyuma ya mashine hiyo.

"Hapa ndipo penye joto," anasema, akimfunika mtoto mpaka kidevuni. "Mashine ikishatoa kopi ishirini, ukuta wote unapata moto. Huyu atalala mpaka saa tatu."

Kisha anakaa kwenye kompyuta. Anaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, anabonyeza, anasoma. Anafuta herufi moja, anaweka nyingine. Anabonyeza tena.

Mteja anayesubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa anaweza kudhani mwenye duka anacheza. Hachezi. Zita, mwenye umri wa miaka 36, ni mmoja wa watu wanaojitolea kuandika makala za kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma bure na yeyote anaweza kuisahihisha. Na ndani ya kazi hiyo amejichagulia sehemu ambayo wengi huikimbia, nayo ni kutafuta vyanzo.

Maana yake ni kwamba kila jambo linaloandikwa kwenye makala lazima lioneshe lilikotoka: kitabu, gazeti, ripoti, kitu kilichochapishwa ambacho msomaji anaweza kwenda kukisoma mwenyewe.

"Kuandika si kazi," anasema Zita. "Kijiji nakijua, wanalima nini najua, mto unaitwaje najua. Lakini nikiandika kwa sababu tu najua, huo ni umbea. Unaweza kuwa umbea wa kweli kabisa, lakini ni umbea."

Zita alizaliwa Gehandu, wilayani Hanang, mtoto wa tano katika nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Kidato cha nne hakikumwendea vizuri. Alikirudia kwa masomo ya jioni akiwa tayari ameolewa Endagikot, mtoto wa kwanza mgongoni, daftari kwenye mfuko wa rambo. Mume wake, Bonaventura, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mogitu na hurudi nyumbani mwisho wa juma.

Kopi moja dukani kwake ni shilingi mia. Msimu wa maombi ya vyuo anaweza kurudi nyumbani na elfu kumi na tano kwa siku. Miezi mingine hata nusu yake haifiki. Bando la intaneti la shilingi elfu moja hulinunua kila siku bila kukosa. "Mwingine anajinunulia soda," anasema. "Soda yangu ndiyo hii."

Mpaka sasa ameongeza vyanzo kwenye makala zaidi ya mia mbili: za kata, za vilima, za mazao, hata moja ya aina za ungo. Nyingine ameziandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Na mojawapo ya hizo nusura imponyoke Juni ya mwaka huu.

Makala yenyewe inahusu lambo la Da/ati.

Da/ati ni kitongoji kilicho upande wa Endagikot, chenye udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Jina lake huandikwa na mstari wa mshazari katikati, kwa kuwa ndivyo Wairaqw wanavyoiandika ile sauti itokayo chini kooni, ambayo Kiswahili hakina herufi yake. Lambo hilo hunywesha ng'ombe wa vitongoji vitatu na kumwagilia vitunguu saumu wakati wa kiangazi. Kila mtu pale anajua kwamba lilichimbwa na akina mama, miaka ya sabini, kwa majembe ya mkono. Aliyewaongoza bado yuko hai. Anaitwa Lucia Akonaay, ana miaka 84, na ni bibi mzaa baba wa Bonaventura.

Zita aliandika aya nne. Kwenye ukurasa wa majadiliano akasema wazi kwamba Lucia ni bibi wa mumewe, ili asije mtu akamshuku. Wiki mbili zikapita kimya. Jumatatu moja asubuhi akafungua ukurasa na kukuta kibandiko chekundu juu yake: makala imependekezwa kufutwa kwa kukosa vyanzo, yasipoletwa marejeo ya kuaminika ndani ya siku saba, itaondolewa.

Aliyekibandika ni mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa na wenzake mamlaka ya kulinda na kufuta kurasa. Anatumia jina la Gervasi. Zita hajawahi kumwona.

"Nikamwandikia, kaka Gervasi, huyo mama aliyechimba yupo, jana nimekunywa naye chai," anakumbuka. "Akanijibu kwa upole tu: dada Zita, chai si marejeo."

Jioni hiyo alimkuta Bibi Lucia sebuleni kwake, ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona uso kama wa mtu aliyepotelewa na mbuzi?"

Zita akamweleza. Vidole vya bibi vikasimama juu ya maharage.

"Yaani mimi niliyechimba hawaniamini?"

"Si kwamba hawakuamini, bibi. Wanataka iwe imeandikwa na mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine alikuwa wapi?"

"Ndiye ninayemtafuta."

"Ukimpata," bibi akasema, akirudia kuchambua, "muulize kwanza kama alishika jembe."

Kutafuta chanzo kwa mashine kuna ufundi wake. Ukiandika maneno mawili yakiwa huru, mashine inakuletea kila penye mojawapo. Ukiyafunga ndani ya alama za usemi, inayatafuta yakiwa yameshikana vilevile. Unaweza kuiambia itafute miaka fulani tu, au iache kukuletea neno usilolitaka. Zita anazijua mbinu hizo zote, na siku tatu za kwanza hakuna hata moja iliyomsaidia.

Neno "lambo" peke yake lilimletea picha za magari ya mbio ya bei mbaya. Jina "Da/ati" mashine ilikuwa inalikata vipande viwili pale penye mshazari.

"Ikaniletea watu wote duniani wanaosema 'ati'," anasema na kutikisa kichwa. "Ati hivi, ati vile. Nikafikia kurasa arobaini za ati."

Akajaribu "Daati." Akajaribu kuweka ritifaa katikati, akajaribu "Dahati," akajaribu tahajia za zamani za Mbulu na za Endagikot. Jumanne ikaisha. Jumatano ikaisha. Wateja walitoa kopi zao wakaondoka, mtoto akaamka akala uji akalala tena, na kwenye kioo hakukuwa na kitu.

Alhamisi mchana aliingia Adamu Shumbana, jirani wa duka la pili, anayeuza makava ya simu na kutengeneza chaja. Familia yake ni ya wafanyabiashara waliotokea Kondoa tangu enzi ya babu. Yeye alizaliwa hapahapa Mbulu na nyumbani kwao lugha ni Kiswahili. Alikuja kuchapisha bei zake. Juu ya meza akaona karatasi ambayo Zita alikuwa ameliandika jina la kitongoji kwa kalamu nene.

"Dada Zita, hii Dalati ni wapi tena? Kuna mnada?"

"Dalati!" Zita akacheka mpaka mtoto akageuka kwenye kigodoro. "Umezaliwa Mbulu, Adamu, mpaka leo jina la watu huwezi kulisoma? Hiyo si eli. Hiyo inatoka kooni."

"Kooni kwa nani? Mimi naona eli iliyolewa, inataka kuanguka."

"Ni mshazari!"

"Ninyi mnaandika majina kwa alama za hesabu, halafu mnawacheka watu. Mwite yeyote pale stendi asome. Kama hajasema Dalati, leo nakupa kava bure."

Zita akaacha kucheka.

Magazeti na vitabu vya zamani vinavyopatikana mtandaoni havikupigwa chapa upya na watu. Vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kompyuta ikapewa kazi ya kuzisoma herufi kwenye picha hizo. Na kompyuta, kama Adamu, haikufundishwa Kiiraqw. Ikiona mstari unaoinama katikati ya neno, inachukua herufi iliyo karibu nao kwa umbo.

Akaandika "Dalati" ndani ya alama za usemi, akaongeza "lambo" na "Mbulu."

Tokeo la tatu lilikuwa gazeti la Septemba 1976, ukurasa wa tano, chini kabisa. Hapo hata mashine haikuwa na kosa. Mwandishi mwenyewe, pengine akinakili kutoka kwenye barua ya mkono, alikuwa ameandika Dalati. Adamu, aliyekuwa bado anasubiri karatasi zake, anasema Zita aliruka kwenye kiti kama aliyekaa juu ya kaa la moto.

Kisha akaisoma habari yenyewe.

"Wananchi wa Dalati wakiongozwa na mwenyekiti wao, Ndugu Gidahosh, wamekamilisha lambo la maji kwa nguvu zao wenyewe," gazeti lilisema. "Akina mama nao walitoa mchango wao kwa kuwapikia wachimbaji."

"Nilisoma mara tatu," anasema Zita. Sauti yake haipandi. "Siku nne natafuta shahidi. Nimempata, halafu anatoa ushahidi kinyume."

Kanuni za kamusi elezo ziko wazi: unaandika kile chanzo kinachosema, huandiki unachokijua moyoni. Akiliweka gazeti lile, makala itapona, na itasema kwamba Bibi Lucia na wenzake walikuwa wapishi. Asipoliweka, Jumapili usiku itafutwa.

Adamu hakuona ugumu. "Weka hilohilo. Ipone kwanza. Mgonjwa hachagui kitanda."

Zita hakuliweka. Hakulitupa pia. Alilichapisha, akalikunja, na Ijumaa jioni akaenda nalo Da/ati. Bonaventura alikuwa amesharudi kutoka Mogitu, naye ndiye aliyembeba mtoto njiani.

Bibi Lucia alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alicheka, kicheko cha mtu aliyesikia jina la jirani wa zamani.

"Gidahosh? Gidahosh alikuja siku ya kufungua, na mwavuli. Mvua yenyewe haikuwepo!"

Kisha kicheko kikaisha.

"Hilo ndilo mnalotaka libaki?"

"Tusipoliweka, bibi, yote itafutwa. Hakutabaki kitu."

"Kitu kipo. Ng'ombe wanakunywa." Akasukuma karatasi kwa ncha ya vidole. "Kama ni hilo, acheni ife."

Bonaventura alitaka kusema neno. Zita akamgusa mkono kumzuia. Alikuwa amefika mahali ambapo, anasema, mtafutaji yeyote hufika: mashine imeishiwa maneno, imebaki kumuuliza mtu.

"Bibi, zaidi ya Gidahosh na yule wa gazeti, hakuna mwingine aliyefika? Yeyote aliyekuwa na karatasi mkononi?"

Bibi akafikiri.

"Sista. Yule mzungu wa zahanati. Alikuwa anaandika hata kikohozi. Alikuja akapima ngozi zetu kwa futi."

"Ngozi gani?"

"Za ng'ombe, za nini tena! Udongo ulitokaje mle shimoni, unadhani kwa toroli? Tuliujaza juu ya ngozi, wanne wanavuta, mmoja anasukuma. Sista alishangaa sana. Kila akija ni ngozi, ngozi, ngozi. Mpaka tukampa jina."

"Mlimwita nani?"

"Hilo siwezi kulisema mbele ya mjukuu wangu," bibi akajibu, na Bonaventura akainama akicheka.

Jumamosi asubuhi Zita alifungua duka mapema kuliko kawaida. Aliandika tena "Dalati," lakini safari hii aliiacha "lambo" na kuweka maneno ya Kiingereza ya ngozi ya ng'ombe, kisha akafunga utafutaji kati ya mwaka 1974 na 1978.

Tokeo lilikuwa moja tu.

Ilikuwa ripoti ya lishe ya watoto wadogo wa Mbulu, iliyopigwa taipu na mtawa muuguzi, ikatunzwa kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja ng'ambo na kupigwa picha huko. Ukurasa wa 47. Kwenye picha ya ukurasa, sista alikuwa ameliandika jina sawasawa, na mshazari wake. Ni mashine iliyoona eli.

"Kiingereza changu ni cha kuvukia barabara," anasema Zita. Alikaa na kamusi saa nzima, na wateja wawili wakaenda kutoa kopi kwingine. Alichokipata ni hiki: kwamba huko Da/ati wanawake sitini na watatu walikuwa wamechimba lambo kwa misimu miwili ya kiangazi, bila mashine yoyote, wakivuta udongo juu ya ngozi za ng'ombe. Na kwamba aliyewaongoza, Lucia, mke wa Akonaay, alimkatalia mwandishi wa ripoti kupiga picha mpaka naye kwanza ashike jembe.

"Nikasema, huyu sasa ndiye mtu mwingine," anasimulia. "Malengelenge yake ameyaandika pia. Yako ukurasa wa 48."

Jioni ya siku hiyo makala ilikuwa na aya sita. Gazeti Zita hakulificha. Limo, na maneno yake yamo: gazeti la wakati huo lilimtaja mwenyekiti na kusema akina mama walipika. Sentensi inayofuata inasema kwamba ripoti ya muuguzi aliyekuwepo wakati wa kuchimba inawataja wanawake sitini na watatu, na inaeleza kazi yao. Chini ya kila moja kuna tanbihi.

"Sina haja ya kumtukana mtu," anasema. "Nimeviweka vyote viwili. Msomaji ana macho."

Jumapili, baada ya ibada, kibandiko chekundu hakikuwepo tena. Gervasi alikuwa ameacha maneno machache kwenye ukurasa wa majadiliano: "Marejeo yameonekana, pendekezo la kufuta limeondolewa. Dada Zita, ukurasa wa 47 nimeusoma mara mbili."

Tangu hapo Zita ameanzisha orodha. Kushoto anaandika jina la kijiji au kilima kama wenyewe wanavyoliandika. Kulia, namna zote ambazo mtu asiyeijua lugha, au mashine, anaweza kulikosea. Mshazari unageuka eli, au tarakimu moja. Herufi q inageuka g. Adamu ndiye mkaguzi wake: huwekewa jina mbele, akatakiwa alisome haraka bila kufikiri, na chochote atakachotamka kinaandikwa. "Nalipwa kwa kuwa mjinga," Adamu anasema, na haonekani kuchukia. Kwa njia hiyo wameshapata vyanzo vya makala kumi na moja ambazo zilikuwa hazina hata kimoja.

Lakini yanayomkosesha Zita raha siku hizi hayako kwenye orodha hiyo.

Alipoichapisha makala ya lambo na kumpelekea Bibi Lucia, alimsomea yote, polepole. Bibi alisikiliza mikono ikiwa imetulia.

"Soma tena pale penye majina."

"Jina liko moja, bibi. Lako."

"Na wenzangu?"

"Imeandikwa sitini na watatu."

"Sitini na watatu si jina," bibi akasema.

Katika wote hao, waliobaki hai ni tisa. Zita amewatafuta mmoja mmoja: sita wako upande wa Endagikot, Bibi Lucia akiwemo, wawili waliolewa Dongobesh, mmoja anaishi Katesh kwa binti yake. Amezungumza na mhariri wa jarida la parokia, naye amekubali kutenga kurasa mbili kila toleo. Kila mama atahojiwa, mhariri atalinganisha habari yake na za wenzake, kisha itachapishwa na nakala kuwekwa maktaba. Ikishachapwa hivyo, mhariri yeyote wa kamusi elezo, asiye wa ukoo, ataweza kuipima na kuitumia. Gervasi ameahidi kuwa wa kwanza kuisoma.

Jumamosi iliyopita Zita alianza. Alichaji simu usiku kucha kwa ajili ya kurekodi, akaenda na daftari jipya, mtoto mgongoni, moja kwa moja mpaka kwa Bibi Lucia, akaiweka simu juu ya kigoda mbele yake.

Bibi akaitazama, akaisogeza pembeni kwa kiganja.

"Mimi niache kwanza," akasema. "Nenda kwa Rogathe, nilivuta naye ngozi moja. Nenda leo. Juzi kanisani ameniuliza mimi ni nani."